Kutangulia si Kufika: Juu ya Mkwamo Katika Sataranji



Katika michezo yote ya ubao inayochezwa mitaani mwetu, haipo sheria inayowaudhi watoto kama ile ya mkwamo katika sataranji. Mtoto amecheza vizuri tangu mwanzo. Amekula ngome zote mbili za mwenzake, amemla malkia, amewafagia askari mmoja baada ya mwingine, na sasa mfalme wa mpinzani amebaki peke yake pembeni mwa ubao kama yatima. Zimesalia hatua mbili tatu amfunge. Anasogeza malkia wake kwa madaha, anauangalia ubao, anatabasamu. Mwenzake naye anauangalia ubao, anahesabu nyumba moja moja, kisha anasema: "Sina pa kwenda, na wala hujanipa cheki. Tumetoka sare." Hapo ndipo machozi yanapoanza, na mara nyingine ugomvi.

Safu ya leo ni kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa ajili ya mzazi, kaka au dada anayeketi naye jioni baada ya kazi. Watoto wengi huuacha mchezo huu baada ya kukwamisha mara mbili tatu, kwa kudhani kwamba wamedhulumiwa. Yafaa basi waelezwe kwamba hawakudhulumiwa, na zaidi ya hapo waonyeshwe njia. Mwenye ubao nyumbani na autandike sasa hivi, maana kusoma habari za sataranji bila ubao mbele yako ni sawa na kujifunza kuogelea juu ya mkeka. Asiye na ubao aweza kuchora miraba 64 juu ya kipande cha katoni na kuandika majina ya kete juu ya vizibo vya soda. Mchezo huu si mali ya wenye nafasi peke yao. Phiona Mutesi alijifunza sataranji akiwa mtoto katika mtaa wa Katwe, mjini Kampala, chini ya mwalimu Robert Katende, na mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Miraba ya ubao tutaiita nyumba. Mistari ya kusimama ina herufi a hadi h, kuanzia mkono wa kushoto wa mwenye kete nyeupe. Mistari ya kulala ina nambari 1 hadi 8, kuanzia upande wake huyo huyo. Kwa hiyo nyumba a8 ni ile ya pembe ya mbali, mkono wa kushoto wa Mweupe. Mfalme anaposhambuliwa husemwa kwamba amepewa cheki. Akishambuliwa na akakosa kabisa namna ya kujiokoa, hiyo ni chekimeti, na mchezo umekwisha kwa ushindi. Mkwamo ni jambo jingine. Mkwamo hutokea pale ambapo mchezaji aliye na zamu hana hatua hata moja inayoruhusiwa na sheria, lakini mfalme wake hashambuliwi. Mchezo husimama papo hapo, nao huhesabiwa kuwa ni sare: nusu pointi kwa huyu, nusu pointi kwa yule, hata kama mmoja ana malkia watatu na mwingine ana mfalme mtupu.

Kwa nini watoto wetu hushangazwa sana na sheria hii? Chanzo kikubwa ni kwamba hawaingii katika sataranji mikono mitupu. Wengi wametoka kwenye drafti, au wamekaa barazani wakiwatazama wazee wakicheza bao. Katika drafti, mchezaji ambaye kete zake zote zimezibwa njia amekwisha kushindwa. Katika bao la Kiswahili vile vile, asiye na namna ya kucheza amefungwa. Kwa hiyo mtoto amezoea tangu utotoni kwamba kumzibia mwenzako njia ndiko kumshinda, na wala si kosa lake kuingia na mawazo hayo katika ubao mpya. Ni wajibu wetu sisi wakubwa kumwambia mapema, kabla hajaumia, kwamba hapa mambo ni tofauti.

Naye akiuliza, "Kwa nini ni tofauti?", asijibiwe kwamba ndivyo ilivyo. Swali lake ni la maana, na watu wazima wamelibishania kwa karne nyingi. Neno sataranji limetufikia kutoka kwa Waarabu, nao waliupokea mchezo wenyewe kutoka Uajemi, ulikofika ukitoka Bara Hindi. Katika sataranji ya zamani ya Waarabu, aliyemkwamisha mwenzake alihesabiwa kuwa ameshinda, kama katika drafti yetu. Huko Uingereza mambo yaligeuzwa juu chini: katika karne ya 17 na ya 18, aliyekwama ndiye aliyepewa ushindi, na aliyemkwamisha alihesabiwa kushindwa, kana kwamba anaadhibiwa kwa uzembe wake! Desturi hiyo iliachwa mwanzoni mwa karne ya 19, na miongoni mwa waliosaidia kuiondoa alikuwa mwalimu wa sataranji wa London aliyeitwa Jacob Sarratt. Sheria ya sare ndiyo iliyoshika, na ndiyo inayofuatwa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, lililoundwa mjini Paris mwaka 1924. Hata hivyo mabishano hayakuisha. Emanuel Lasker, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1894 hadi 1921, aliona kwamba aliyemkwamisha mwenzake angefaa kupewa zaidi ya nusu pointi. Hakukubaliwa.

Kwa maoni yangu ni heri hakukubaliwa. Kazi ya mchezaji wa sataranji ni kumkamata mfalme, na kumkamata mfalme maana yake ni kumshambulia mahali asipoweza kuponea. Polisi aliyezingira nyumba yote lakini akashindwa kuingia ndani hajamkamata mwizi. Tena sheria hii humpa anayeshindwa sababu ya kuendelea kufikiri mpaka dakika ya mwisho, na humnyima anayeshinda ruhusa ya kusinzia. Mchezo ambao upande mmoja hauna tena la kufanya ila kungoja kuchinjwa haumfundishi mtu yeyote.

Sasa tuingie ubaoni. Jambo la kwanza la kuelewa ni hesabu ndogo. Mfalme aliye katikati ya ubao ana nyumba 8 za kuendea. Akisukumwa pembeni, zabaki 5. Akiingia katika pembe, zabaki 3 tu. Malkia naye, akiwa katikati ya ubao ulio wazi, anatawala nyumba 27, na ngome inatawala 14. Basi ona hatari ilipo: kete yenye nguvu kubwa kuliko zote inamwinda kiumbe mwenye nyumba tatu tu. Malkia peke yake, bila msaada wa mtu, aweza kuzifunga nyumba zote tatu bila kumgusa mfalme mwenyewe. Ndiyo maana mikwamo mingi ya watoto hutokea katika pembe, na mhusika mkuu ni malkia.

Weka mfalme mweusi h8 na malkia mweupe f7. Mfalme mweupe mweke mbali, tuseme d4. Zamu ni ya Mweusi. Ataenda wapi? Nyumba g8, g7 na h7 zote zimo mikononi mwa malkia. Je, anashambuliwa? Hapana. Huo ni mkwamo. Mwondoe malkia f7, mweke g6. Ni mkwamo tena. Sasa tazama umbali uliopo kati ya malkia na mfalme mara zote mbili: ni hatua moja ya farasi, nyumba mbili mbele na moja kando. Hili mtoto na alishike kama anavyoshika jina lake. Mfalme wa mpinzani akiwa katika pembe na hana kete nyingine, malkia asiwekwe kamwe mahali ambapo farasi angeweza kumrukia mfalme huyo. Nasema katika pembe, kwa sababu mahali pengine ubaoni umbali huo huo wa farasi ni njia nzuri sana ya kumsukuma mfalme kuelekea ukingoni, na wako walimu wanaowafundisha watoto kumfuata mfalme namna hiyo hatua kwa hatua. Njia hiyo ni sahihi mpaka mfalme atakapoingia pembeni kabisa. Hapo ni lazima kusimama, na mtoto ambaye hakuambiwa asimame huendelea.

Akisimama, afanye nini? Arudishe malkia nyuma kidogo, amwachie mfalme chumba kidogo cha kutembea. Mweke malkia e7 badala ya f7. Mfalme mweusi sasa ana nyumba mbili za kuranda: h8 na g8, g8 na h8, kama mtu aliyefungiwa katika ukumbi mwembamba. Hawezi kutoka, lakini hakukwama. Wakati yeye anaranda, mfalme mweupe anakuja kwa miguu kumsaidia malkia wake. Anatoka d4, anakwenda e5. Mweusi anakwenda g8. Mfalme mweupe anaingia f6. Mweusi hana budi kurudi h8. Ndipo malkia anaposhuka g7, analindwa na mfalme wake, na hiyo ni chekimeti. Hatua tatu tu, wala hakuna machozi. Rudieni jambo hili nyumbani mara kumi, katika pembe zote nne, mpaka mkono wa mtoto uzoee kumwacha malkia mbali wakati mfalme wake anatembea. Kosa la watoto ni kutaka malkia amalize kazi peke yake, naye hawezi. Chekimeti dhidi ya mfalme mtupu huhitaji mfalme na malkia wakishirikiana.

Jambo la pili ni pupa ya kula. Watoto hufurahia kula kete kuliko kushinda mchezo, na hili utaliona katika kila darasa la wanaoanza. Askari mmoja wa adui amebaki huko mbali, hamdhuru mtu, lakini mtoto hawezi kutulia mpaka amemla. Baada ya kumla anageuka kwa mfalme, anapiga hatua moja ya haraka, na tazama, mkwamo! Wahenga walikwisha kusema kwamba mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na sijui kama walikuwa wakicheza sataranji, lakini maneno yao yanaingia hapa barabara.

Tuonyeshe kwa mfano. Mfalme mweusi yuko a8, naye ana askari mmoja h7. Mweupe ana mfalme e5 na malkia b6. Zamu ni ya Mweusi. Mfalme wake hana pa kwenda, maana a7, b7 na b8 zote ni za malkia. Lakini huu si mkwamo, kwa kuwa askari wa h7 anaweza kutembea, na sheria inamlazimisha atembee. Anakwenda h5, mfalme mweupe anakwenda d6. Askari h4, mfalme c7. Askari h3, na malkia anaingia b7 akilindwa na mfalme wake. Chekimeti. Yule askari mdogo ambaye mtoto alitaka kumla ndiye aliyeuweka mchezo hai mpaka Mweupe akamaliza kazi yake. Mngemwondoa ubaoni mapema, malkia wa b6 angekuwa ameuharibu ushindi. Kwa hiyo kabla ya kumla askari wa mwisho, mtoto ajiulize: akishaondoka huyu, mwenzangu atacheza nini? Tena aangalie asimzibie njia askari huyo kwa kuweka kete mbele yake, kwani askari aliyezibwa ni sawa na askari asiyekuwepo.

Aghalabu twaona pia watoto wenye ushindi mikononi wakipandisha cheo kila askari waliye naye kuwa malkia. Malkia wawili, watatu, wanne! Ubao unajaa malkia, na kila mmoja anazidi kufunga nyumba, na mfalme mtupu anazidi kubanwa. Mwenye malkia mmoja na subira ana nafasi bora ya kushinda kuliko mwenye malkia wanne na haraka. Ikiwa kweli mtoto anaogopa kukwamisha, basi atumie ngome mbili zinazopokezana mistari: moja inashika mstari wa kulala, nyingine inatoa cheki mstari wa nyuma yake, na mfalme anasukumwa ngazi kwa ngazi hadi ukingoni. Kwa njia hii kila hatua ya kusukuma ni cheki, na penye cheki hapana mkwamo.

Kuna uwanja mmoja ambapo mkwamo hauji kwa ajali bali ndio kiini cha vita yenyewe, nao ni ule wa askari mmoja dhidi ya mfalme. Weka mfalme mweupe d6 na askari wake e6. Mfalme mweusi d8. Zamu ni ya Mweupe. Akisogeza askari e7 anatoa cheki. Mweusi anakwenda e8, mbele ya askari. Sasa Mweupe ana mambo mawili ya kuchagua: ama amwachie askari wake aliwe, ama asogeze mfalme e6 kumlinda, na hapo Mweusi hana pa kukanyaga, wala hashambuliwi. Sare. Badilisha jambo moja dogo tu: mfalme mweusi awe e8 tangu mwanzo. Askari anakwenda e7, safari hii bila cheki. Mweusi analazimika kutoka aende f7, mfalme mweupe anaingia d7, na askari anapanda cheo. Ushindi. Tofauti ni nyumba moja. Basi kijana aliyekwisha kujua mkwamo wa malkia na ajifunze hili: mfalme wake akiwa kando ya askari wake namna hiyo, askari akifika mstari wa saba kimya kimya, mara nyingi ni heri, akifika kwa kupiga kelele ya cheki, mara nyingi ni sare. Naye askari wa ukingoni kabisa, wa mstari a au h, ana tabu zaidi. Mweke mfalme mweusi a8, askari mweupe a7, mfalme mweupe a6, zamu ya Mweusi, uone mwenyewe. Mfalme mpweke akishaiwahi pembe hiyo, haondolewi.

Hapa ndipo mzazi aweza kumwonyesha mtoto upande wa pili wa jambo. Mkwamo unaomliza anayeshinda ndio unaomwokoa anayeshindwa. Mtoto aliyebaki na mfalme mtupu asipinduepindue kete kwa hasira na kuondoka. Akimbilie pembe, akae pale, amwache mwenzake afikiri. Hata mabingwa hufanya hivyo. Katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963 hadi 1964, Larry Evans alikuwa karibu kushindwa na Samuel Reshevsky, mtu aliyekuwa maarufu katika sataranji tangu utotoni. Mfalme wa Evans alikuwa amebanwa pembeni na askari wake wote walikuwa wamezibwa; alichobaki nacho cha kusogeza ni malkia na ngome tu. Evans akauona mlango. Alimtoa malkia wake bure kwa cheki, na Reshevsky akalazimika kumla. Kisha akaipeleka ngome yake mbele ya mfalme wa mpinzani, cheki nyingine. Kama mfalme angeila, Evans asingebaki na hatua hata moja, nao ungekuwa mkwamo. Kama asingeila, ngome ingemfuata mfalme huyo kwa cheki hadi kesho. Wakagawana pointi.

Na hata katika kiti cha ubingwa wa dunia mkwamo umeonekana. Mwaka 1978, mjini Baguio, Ufilipino, Anatoly Karpov na Viktor Korchnoi walicheza mchezo wa tano wa pambano lao kwa hatua 124. Korchnoi alikuwa amepata nafasi ya kumfunga Karpov katikati ya safari, akaikosa saa ilipokuwa ikimbana. Mwishowe, kwa kuwa wawili hao hawakuwa wakisemezana, Korchnoi hakupendekeza sare kwa mdomo. Alimkwamisha tu, mchezo ukafa wenyewe. Mtoto wako akilia kwa sababu amekwamisha, msimulie habari ya Korchnoi.

Turudi nyumbani. Je, mzazi ambaye yeye mwenyewe ni mgeni wa mchezo huu atamsaidiaje mwanawe? Asijitie kujua mengi. Amzoeze jambo moja: kila mara mpinzani anapobaki na kete chache, mtoto, kabla hajagusa kete yake, anyooshe kidole na kuonyesha nyumba moja ambayo mpinzani ataweza kuendea baada ya hatua hiyo. Nasema kabla hajagusa, kwa sababu sheria ya mashindano ni kwamba kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza ndiyo utakayoicheza. Asipoweza kuonyesha nyumba hata moja, basi ajiulize swali la pili: je, hatua yangu ni cheki? Ikiwa ni cheki na adui hana pa kuponea, ni ushindi. Acheze kwa furaha. Ikiwa si cheki, airudishe mikono mapajani na atafute hatua nyingine. Mwanzoni mambo haya huchukua dakika nzima. Baada ya miezi michache macho huyafanya yenyewe.

Vile vile amsaidie kutambua mkwamo wa uongo, maana watoto wajanja hudai sare pasipo haki. Mfalme kukosa pa kwenda peke yake hakutoshi. Kete zake zote nyingine lazima ziwe zimekosa njia. Na kukosa hatua nzuri si sawa na kukosa hatua. Mtu ambaye kila anachocheza kitamwangamiza bado anacho cha kucheza, na atakicheza.

Nimalizie na kisa cha gazeti, kwa kuwa nasi tumo gazetini. Mwezi Mei 1895, katika gazeti la juma la Glasgow Weekly Citizen huko Uskoti, mwandishi wa safu ya sataranji aliyeitwa Georges Barbier aliwapa wasomaji fumbo ambalo, kwa maelezo yake, mwisho wake ulikuwa sare. Mweupe alikuwa na mfalme na askari aliyekaribia kupanda cheo. Mweusi alikuwa na mfalme katika pembe na ngome moja. Askari alipofika mwisho na kufanywa malkia, ngome ya Mweusi ilijitoa mhanga kwa cheki, malkia akalazimika kuila, na mfalme mweusi akabaki amekwama. Barbier aliridhika. Lakini padri mmoja Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow, Fernando Saavedra, akaliangalia fumbo hilo kwa utulivu na kuuliza swali ambalo wengine hawakuuliza: ni nani aliyesema kwamba askari lazima awe malkia? Askari akipandishwa cheo kuwa ngome, badala ya malkia, mkwamo haupo tena, na Mweupe anashinda. Kwa hatua hiyo moja jina la Saavedra limekumbukwa hadi leo.

Basi hili hapa ni zoezi la vijana kwa juma hili, la ukoo mmoja na fumbo la Saavedra lakini jepesi zaidi. Mweupe: mfalme c6, askari c7. Mweusi: mfalme a7. Zamu ni ya Mweupe, askari anaingia c8. Apewe cheo gani? Lifikirini kabla ya kusoma mstari unaofuata, na wazazi wasinong'one.

Jibu: akiwa malkia, nyumba a8, b8 na a6 ni zake, b6 na b7 zinalindwa na mfalme mweupe, na Mweusi amekwama. Akiwa ngome, nyumba a6 inabaki wazi. Mfalme mweusi anaingia humo kwa kuwa hana pengine, ngome inakwenda a8, na hiyo ni chekimeti.